Ng'ombe Watatu Kwenye Fomu ya Mama Anaeli

Vijana wangu, mmeniuliza mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili anatambulikaje. Nimekaa na swali lenu tangu Jumatatu. Nimefungua madaftari yangu yote, yale makubwa ambayo mke wangu, Mama Neema, anayaita chakula cha panya, na nimekuta jambo la aibu kidogo: mwaka wa kwanza wa kazi nilikuwa na hakika kuliko mwaka wa mwisho. Mwaka wa kwanza nimeandika kwa kalamu nyekundu, nikapigia na mstari: "Maskini anajulikana kwa viatu." Sijui nilikuwa nafikiri nini.

Kwa hiyo msinichukulie kama mwalimu. Mimi ni mtu wa darasa la saba niliyekuwa nauza vipuri vya baiskeli Kijenge, nikaitwa kwenye mafunzo ya usaidizi wa kisheria kwa sababu, nadhani, nilikuwa na mwandiko unaosomeka. Nikapewa meza, kiti kimoja changu na viwili vya wageni, na fomu. Nikakaa hapo zaidi ya miaka kumi.

Pengine atasoma hili mtu asiye wa kazi yetu, basi nieleze. Sisi wasaidizi wa kisheria si mawakili. Tunasikiliza, tunaelekeza, tunaandika barua, lakini kusimama mbele ya hakimu au mwenyekiti wa baraza haturuhusiwi. Anayehitaji wakili na hana cha kumlipa, serikali inaweza kumgharamia, ila lazima aonyeshe kwamba kweli hana. Hapo ndipo fomu inapoingia: unaishi wapi, unategemea nini, nani wanakutegemea, una mali gani. Halafu barua ya mtendaji wa kijiji au kata. Halafu sisi tunakwenda kwake kuangalia. Kwetu, Wakili Felista, aliyekuwa mkubwa wa dawati, alikaa na wenzake wawili kila Alhamisi wakasema huyu anastahili, huyu hastahili. Walichokuwa nacho mkononi ni maneno yetu. Hilo lilikuwa likininyima raha, na hadi leo linaninyima.

Kosa langu la kwanza lilivaa suti. Mzee mmoja wa kutoka huko juu mlimani aliingia na suti nyeusi, tai, viatu vinang'aa. Nikamwandika, "Anaonekana ana uwezo." Wakili Felista akaisoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Umemuuliza, au umemwangalia?"

"Nimemwangalia, wakili."

"Basi nenda kamuulize."

Nikaenda. Suti ilikuwa ya marehemu kaka yake. Viatu vya mkwe. Akaniambia, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni wa nchi, "Baba, mtu akienda ofisi ya serikali avae nini? Nije na gamboti za shambani?" Nilijiona mjinga, maana hata mimi siku naitwa kwenye mafunzo niliazima koti.

Kosa la pili lilivaa ovaroli. Huyu alikuwa fundi wa magari wa Sakina, grisi mpaka masikioni. "Mzee, mimi hapa unavyoniona ndivyo nilivyo," akasema. Nikawa nimeshaanza kumwonea huruma na kujaza. Simu yake ikaita. Kwa kuwa mikono ilikuwa michafu akabonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka nje yote: "Baba mwenye nyumba, maji hayatoki huku vyumba vya uani, na yule wa namba sita ameweka jiko la mkaa kwenye korido!"

Tukaangaliana.

"Ni wapangaji tu," akasema.

"Wangapi?"

"Si wengi."

Walikuwa vyumba tisa. Tulicheka wote wawili, akaenda kutafuta wakili wake mwenyewe. Lakini niwe wa haki: sidhani alikuja kudanganya. Nadhani aliamini kweli kwamba mtu anayeshika grisi kutwa hawezi kuitwa mwenye mali. Mpaka leo najiuliza, mtu anajionaje yuko wapi kwenye ngazi? Anaangalia juu, au anaangalia chini?

Barua nazo zina mambo yake. Watu wanaogopa kwenda kwa mtendaji kuomba aandike kwamba hawana kitu, kwa sababu pale kuna benchi, na kwenye benchi kuna majirani. Mmoja akaniletea barua ya usharika badala yake. Ilisema ni mkristo mwema, hana ugomvi, ni mwimbaji wa sauti ya tatu asiyekosa mazoezi. Nilimwambia wakili sauti ya tatu siyo kipato. Toka siku hiyo nikawa namwandikia mtu kwenye karatasi ndogo yale mambo mtendaji anayotakiwa kuyaeleza: anaishi wapi, anakula kutokana na nini, nani wako juu ya mgongo wake, na yeye mtendaji ameyajuaje. Ile ya mwisho ndiyo muhimu. Na nilimwambia aende asubuhi ya siku isiyo na mkutano, benchi likiwa tupu. Siku hizi naona mnajaza kwenye simu, na ni vizuri, lakini benchi bado lipo.

Sasa nije kwa Mama Anaeli, maana huyu ndiye aliyenifundisha kwamba hata kuuliza hakutoshi. Majina haya nimeyabadilisha. Mama Neema ameisoma habari yote na kuiruhusu, isipokuwa sentensi mbili alizozifuta.

Alikuja wakati wa masika, tope kwenye pindo la kitenge, wito wa baraza umefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa mjane, anaishi kijiji kimoja juu ya Nkoaranga. Mdogo wa marehemu mumewe, anayeitwa Zakaria, alikuwa amemfungulia shauri kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Zakaria alidai kihamba kile, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na kahawa, kilikuwa cha baba yao, kwamba marehemu alipewa kukitumia tu, na kwa kuwa aliacha mtoto mmoja wa kike, Anaeli, aliyeolewa Moshi, kirudi kwa ukoo. Kaburi la mume wake liko pembeni ya nyumba, kwenye migomba. Zakaria ana wakili. Shauri linasikilizwa baada ya wiki tatu.

"Na mimi nikisimama peke yangu?" akaniuliza.

"Utasikilizwa. Lakini wakili wake atakuuliza maswali ambayo hujawahi kuulizwa."

"Basi nipe hiyo fomu, baba."

Jumanne iliyofuata (daftari linasema Jumanne, mimi kichwani nina Jumatano) nikapanda kwake. Njia ile wanaoijua wanaijua: mvua ikinyesha unapanda hatua mbili unarudi moja, unashika migomba ya watu kama reli. Nilifika nimetapakaa tope mpaka magotini. Akanipa maji ya kunawa, chai, na ndizi za kuchemsha. Nikaangalia nyumba: ya mbao, bati limechoka. Kahawa kidogo. Halafu nikazunguka nyuma, na zizini nikakuta ng'ombe watatu. Wamenona. Mmoja mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, mmoja mweusi na mweupe wa maziwa mengi, na mtamba mdogo.

Nilisimama pale na kalamu. Sikutaka kurudia kosa la suti, nikamuuliza.

"Mama, hawa ng'ombe ni wako?"

"Baba Neema, si unawaona wako zizini kwangu?"

"Nawaona. Nauliza kama ni wako."

"Nani anawakatia majani?"

"Nadhani ni wewe."

"Nani anazoa mbolea?"

"Wewe."

"Basi andika."

Nikaandika. "Ng'ombe watatu, wawili wa maziwa." Nilijiona nimetenda haki kabisa: nimeuliza, nimejibiwa, nimeandika nilichokiona. Kuna kitu kilinigusa lakini nikakipita kama mtu anavyopita jiwe njiani. Ofisini hakuna aliyeniita Baba Neema. Jina la binti yangu sikuwahi kulitaja mbele ya mteja.

Alhamisi wakakaa. Wakili Felista akasoma, akaweka fomu chini taratibu. "Ng'ombe wawili wa maziwa na mtamba," akasema. "Anaweza kuuza mmoja akapata wakili. Yupo mwingine nyuma yake hana hata kuku. Kwa haya yaliyoandikwa, hastahili."

Maneno yalikuwa yangu.

Ijumaa Mama Anaeli akaja kuchukua jibu. Nikamweleza. Nikamwambia pia anayo haki ya kupata sababu kwa maandishi na kulalamika ngazi ya juu, na nyinyi msisahau kumwambia mtu hilo, hata kama linawaudhi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Nimeshukuru."

Akakunja wito wake, akaurudisha kwenye mfuko, akaondoka. Daftari langu la siku hiyo lina mstari mmoja tu: "Amesema sawa. Kwa nini sawa?" Maana nilikuwa nimeshaona watu wakikataliwa. Wanalia, wanatukana, wanamtaja Mungu, wanamtaja diwani. Mwenye ng'ombe wake angeniuliza, niuze ng'ombe nile nini? Huyu hakuuliza. Ilikuwa kama mtu anayeona mlango umefungwa na anajua ufunguo uko wapi, ila hawezi kuuchukua.

Jumapili baada ya ibada tukakaa mezani, mimi na Mama Neema. Alikuwa ametoka mlimani jana yake, kusalimia watu wa kwao kama kawaida yake. Akanipakulia, akaweka mwiko chini.

"Umemfanya nini Mama Anaeli?"

"Mama Neema, mambo ya ofisi hayaingii humu ndani. Nilikula kiapo."

"Ulikula wewe, mimi sikula. Yule mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, ulimwona?"

Nikainamia sahani kwa ajili ya kiapo.

"Usijibu. Kula tu. Ni wangu."

Kijiko kilibaki hewani. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu Neema yuko darasa la nne. Neema sasa ni nesi na ana watoto wawili. "Yule wa kwanza alishakufa," akasema, "huyu ni mjukuu wake."

Nyinyi wa mjini labda hamlijui hili, na mimi nililijua ila sikulifikiria nikiwa na kalamu, ndiyo maana nasema ni kosa langu. Huko kwetu mtu anaweza kuwa na ng'ombe lakini hana mahali pa kumfuga. Anampeleka kwa mtu anayemwamini. Mfugaji anapata maziwa na mbolea ya migomba yake, ndama wanagawana kwa mapatano, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Na jambo hilo halisemwi. Mwenyewe hataki ijulikane ana mali, kwa sababu ya ndugu, kwa sababu ya michango, na wengine, kama nilivyokuwa nikijifunza siku hiyo mezani kwangu, kwa sababu ya mume. Anayefuga akimtaja mwenye ng'ombe, hakuna atakayemwekea tena hata mbuzi. Ni heshima yake yote. Mwanamke mjane asiye na mifugo yake, bila heshima hiyo, hana maziwa wala mbolea.

"Na anajua mimi ni mume wako?"

"Si alikuja harusini kwa Neema! Alikaa meza za nyuma. Wewe mwenyewe ulimpelekea soda."

"Kwa nini hukuniambia una ng'ombe?"

"Ungemwandika kwenye daftari."

Ni kweli, ningemwandika.

Nikakaa na lile wazo alasiri nzima. Nilisimama zizini nikimuuliza yule mama ng'ombe ni wa nani, na ng'ombe alikuwa wa nyumbani kwangu. Angenijibu kwa neno moja tu, "Kamuulize mkeo," angepata wakili. Alikuwa radhi aende mbele ya baraza peke yake, apoteze kihamba na kaburi, kuliko kumchongea Mama Neema kwa mumewe. Na mimi nimemwandika kama mtu mwenye mali.

Ila msifikiri niliona njia mara moja. Niliogopa. Nikibadilisha fomu sasa, watasema nini? Kwamba mzee amegeuza maneno baada ya kuongea na mke wake chumbani. Na wangekuwa sahihi kusema, maana ndivyo ilivyokuwa. Kama Zakaria angejua, angekuwa na haki ya kulalamika. Nilijaribu kuwaza kama ningekuwa mimi ndiye Zakaria. Nikaona ningepiga kelele.

Jumatatu nikaingia kwa Wakili Felista kabla hajavua koti.

"Wakili, naomba nitolewe kwenye jalada la Mama Anaeli."

"Kuna nini?"

"Mmoja wa wale ng'ombe ni wa mke wangu."

"Tangu lini?"

"Yeye anasema tangu zamani. Mimi ni tangu jana, saa saba mchana."

Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Halafu akaivaa, na kicheko kikaisha. Akaniambia nimefanya vizuri kusema, atatumwa msaidizi mwingine kupanda upya, na mimi nisiguse karatasi hata moja. "Lakini mke wako lazima aandike na kusaini. Na hata akiandika, ng'ombe mmoja habadilishi kitu. Wanabaki wawili."

Nikarudi nyumbani na ujumbe huo. Mama Neema akasema ataandika. Mtamba ni wa Mama Anaeli mwenyewe, akasema, ni mgao wake wa ndama. Na yule mweusi na mweupe ana mwenyewe.

"Nani?"

"Wewe si umejitoa?"

"Nimejitoa."

"Basi."

Alipanda mlimani siku ileile. Sijui alizungumza na nani, wala alisema nini. Kesho yake alimpelekea Wakili Felista bahasha mbili, moja yake na moja imegandishwa kwa gundi pande zote kama barua ya mtihani. Wakili alizifungua mbele ya wenzake wa Alhamisi. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba alipoisoma ile ya pili, nyusi zilipanda, akaisoma tena, akaifungia kwenye kabati. Msaidizi mwenzangu naye alikuwa amepanda na kurudi na maelezo yake. Wakapitisha. Mama Anaeli akapewa wakili, kijana mpole anayeongea taratibu, zikiwa zimebaki siku sita.

Nilimshuku kila mtu kuwa ndiye mwenye yule ng'ombe mweusi na mweupe. Nilimshuku mtendaji, nikamshuku mwinjilisti, nikamshuku daktari mmoja mstaafu. Udadisi ni ugonjwa, vijana, lakini usipokuwa nao kazi hii itakushinda.

Siku ya shauri Mama Anaeli aliniomba nimsindikize, maana jengo lile halijui. Wakili Felista akasema nenda, kaa kwenye benchi la nje, ukae kama mti. Nikakaa. Zakaria akaja na mke wake, Mama Joshua, na wakili wao akatangulia ndani. Zakaria hakuwa mtu mbaya, na nataka mlijue hilo. Alimuuguza mama yao mpaka mwisho. Ile kahawa ya sehemu ya chini, karibu na mfereji, aliipanda yeye na baba yake akiwa kijana, na kila mtu pale kijijini anasema hivyo. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nina swali, na samahani. Serikali inampa wakili wa bure mtu mwenye ng'ombe watatu? Mimi wangu nimemlipa kwa kuuza mbao."

"Jalada hilo silo langu, mwanangu."

"Silo lako! Si wewe ulipanda mpaka zizini, ukahesabu? Kijiji kizima kilikuona ukiteleza. Watatu!"

"Mmoja," akasema Mama Joshua.

Zakaria akageuka. "Mmoja nini?"

"Wa kwake ni mmoja."

"Wewe umejuaje?"

Mama Joshua akaanza kufunga upya kitenge chake, ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri.

"Mama Joshua, nakuuliza. Umejuaje?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule ng'ombe mweusi na mweupe, na ile bahasha ya pili. Mama Anaeli, aliyekuwa amekaa mwisho kabisa akiangalia ukuta, akasimama.

"Shemeji," akasema, "tunaitwa."

Hatukuwa tumeitwa. Mlango ulikuwa umefungwa, karani hata hakuwa ametokea. Lakini alivyosema vile, sote tulisimama, na Zakaria naye akasimama, tukabaki tumesimama mbele ya mlango kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Ilichukua muda. Mama Joshua alikuwa ameinamisha kichwa. Zakaria alimwangalia mke wake, akamwangalia shemeji yake, akaangalia viatu vyangu. Sijui alikuwa anahesabu nini kichwani. Hakuuliza tena.

Walipoitwa kweli, yule kijana wakili akasimama akasema anamwakilisha mjibu maombi, na wakili wa Zakaria akageuka kumwangalia mara mbili. Kabla ya saa moja kupita pande zote mbili zikaomba muda zikazungumze, mwenyekiti akawapa tarehe nyingine.

Sitasema ni kwa ajili ya ng'ombe. Sijui, na mtu asiyejua aseme hajui. Huenda ni kwa sababu sasa kulikuwa na mawakili wawili, na mawakili wawili wakiweka karatasi mezani mambo mengine yanaonekana hayafai kubishaniwa. Huenda Zakaria alichoka tu. Ninachojua ni kwamba walirudi na mapatano, mwenyekiti akayasoma kwa sauti. Nyumba, kaburi na migomba yote ya juu vibaki kwa Mama Anaeli, na baada yake kwa binti yake. Kahawa ya chini mpaka mferejini iwe ya Zakaria, maana aliipanda. Mpaka upandwe masale, ile mimea inayotenganisha vihamba, wote wawepo.

Mmeniuliza swali, basi nijibu. Niliporudi kwenye meza yangu sikuuliza tena "una mali gani?" Nilianza kuuliza hivi: "Kati ya vitu hivi ninavyoviona, ukitaka kuuza kimoja kesho asubuhi, ni kipi hutamwomba mtu yeyote ruhusa?" Mtu anaweza kulijibu bila kumtaja mwenzake. Na shamba lenyewe linalogombaniwa usilihesabu kuwa ni utajiri wa anayenyang'anywa. Hata hivyo swali hilo nalo lina matundu, nimeyaona, na nyinyi mtayaona mengine. Mkiyaona, yaandikeni.

Siku ile ya mapatano, Mama Anaeli aliweka saini yake polepole, herufi moja moja, akampa mkono wakili wake, akanipa na mimi. Nje kulikuwa na manyunyu. Zakaria alikuwa amesimama kwenye ngazi na mkewe, wamefungua mwavuli mmoja, kila mmoja anaangalia upande wake. Mama Anaeli akashuka, akawapita, akatembea hatua chache, halafu akasimama.

"Mnangoja nini?" akawauliza. "Mvua hii ikikolea, ile njia haipandiki."

Wakamfuata. Mama Joshua akaharakisha, akamfikia, akamsogezea mwavuli, na Zakaria akabaki nyuma yao akilowa.